Gari Likigonga, Usianze na Shoki

Ukitoka Nairobi kwenda Machakos, safari ya kilomita 63 hivi, gari la familia hunyamaza karibu njia nzima. Unakata kushoto pale Kyumvi, unaupita mji, na balaa linaanza unapoiacha lami na kushika njia ya udongo inayopanda vilima vya Iveti kwa nyanya. Ko-ko-ko! Mbele, upande wa kushoto. Watoto wanauliza ni nini hicho, mama anamtazama baba, naye baba anaongeza sauti ya redio.

Jumatatu gari hupelekwa kwa fundi wa jua kali, na mara nyingi hukumu hutolewa hata kabla ya gari kuinuliwa: shoki zimekufa. Shoki mbili zinanunuliwa kwa pesa zilizowekwa kando kwa karo, zinafungwa, na jioni ko-ko-ko iko pale pale.

Msomaji, shoki kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Ikichoka, gari huyumba kama mashua, tairi huliwa kwa mabaka na mafuta huvuja mwilini mwa shoki. Yote hayo yanaweza kutokea bila sauti yoyote. Kandamiza pembe moja ya gari kwa nguvu, kisha achilia. Likipanda na kutulia, huenda shoki bado ina uhai. Likiendelea kudundadunda, imekwisha. Zikibadilishwa, zibadilishwe mbili za ekseli moja kwa pamoja.

Basi kinachogonga ni nini? Kwanza toa kila kitu kwenye buti: jeki, spana, gurudumu la akiba, chupa za soda. Usicheke. Jeki isiyofungwa vizuri imewapotezea watu wengi pesa.

Kelele ikibaki, mshukiwa wa kwanza ni linki ya stabilaiza. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, na linki ni kipande kifupi kinachoishikilia kila upande. Ni kipuri cha bei nafuu kuliko shoki. Kuna jaribio rahisi la kukitambua. Vuka tuta polepole ukiwa umenyooka, magurudumu yote mawili ya mbele yapande pamoja. Kisha pitisha gurudumu moja tu kwenye shimo dogo. Fimbo hiyo hufanya kazi zaidi magurudumu yanapopishana, kwa hivyo gari likinyamaza kwenye tuta na kugonga kwenye shimo, angalia linki na mipira inayoishika fimbo kabla ya kutazama kwingine.

Kusikiliza kunataka utulivu. Kule Kyamwilu, kwenye mlima Kituluni, watu huenda kutazama magari yakionekana kupanda mlima yenyewe bila gia. Ni macho tu yanadanganywa na umbo la mahali, lakini gari linalojiendea polepole namna hiyo ndilo linalosikika vizuri. Fungua madirisha, zima redio. Injini usiizime, maana usukani na breki vitakuwa vigumu.

Sauti ya kukwaruza, kama kitanda cha zamani, mara nyingi hutoka kwa bushi, ile mipira iliyo kwenye viungo vya chuma. Imwagie maji, kelele ikipotea kwa muda kisha irudi, umeipata. Wapo wanaoipaka mafuta ya injini. Mafuta hayo huvimbisha mpira na kuuozesha, na utanunua mapema zaidi. Ikiwa gari linagonga mara moja tu unapofunga breki au kuondoka, tazama bushi za mkono wa chini unaoshika gurudumu.

Boljointi ndiyo isiyotaka mzaha. Ikichomoka, gurudumu hukunjika ndani na usukani hauna kazi tena. Inua gari, liweke juu ya stendi imara (usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukikoma, shuku beringi ya gurudumu. Ukiendelea, fundi aitazame boljointi leo, si mwisho wa mwezi.

Walioinua magari yao kwa spesa ili yapite kwenye mawe wajue kwamba linki na boljointi sasa zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, na huisha upesi.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wenye haraka huliruka. Bushi za mpira hazikazwi gari likiwa hewani. Fundi atie bolti, ashushe gari likanyage ardhi kwa uzito wake, ndipo akaze. Bushi iliyokazwa magurudumu yakining'inia hukaa imejipinda kila siku na hupasuka mapema. Simama pale uone likifanywa. Na kama mkono wa chini, tairodi au shoki ya mbele imefunguliwa, magurudumu yapimwe tena mashineni, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Linki peke yake haihitaji kipimo hicho. Anayekutoza pesa za kupima baada ya kubadilisha linki tu, mwulize anapima nini.