Kwa Nini Amplifaya Dhaifu Huunguza Spika

Siku ya Krismasi spika moja ya Baba iliungua nyumbani kwetu Mulanda, nami ndimi niliyelaumiwa, kwa kuwa mkono wangu ndio uliokuwa kwenye kitufe cha sauti. Niliomba radhi, lakini sikujua kosa lenyewe ni lipi. Sasa nimelijua, nami napenda kuwaeleza kwa ufupi.

Kazi ya amplifaya ni kupokea umeme mdogo sana utokao katika redio au simu, na kuupa nguvu za kusukuma spika. Nguvu hizo haiziumbi yenyewe. Huzichota katika betri. Yetu ni ya gari, nayo hutumia betri ya sola ya volti 12. Isipokuwa na chombo cha kuongeza volti ndani yake, amplifaya ya namna hiyo haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 18 hivi za sauti safi, hata kama sanduku lake limeandikwa wati 1000.

Basi ngoma ya fumbo ipigwapo, wimbi la umeme hupanda ghafula. Likifika kwenye mpaka wa betri hukatwa kichwa, likawa bapa. Hapo twasikia mkwaruzo, na nyuzi za tongoli humezwa. Tena wimbi lililokatwa huzaa sauti nyembamba nyingi ambazo mpigaji hakuzipiga. Hizo huingia katika spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo waya wake ni kama unywele. Waya huo ndio ulioungua. Kumbe spika iliuawa na udhaifu wa amplifaya, wala si nguvu zake!

Mtu atasema, "Tununue yenye wati maradufu." Na afahamu kwamba wati maradufu huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, zahitajiwa wati mara 10 hivi. Faida ya nguvu si makelele, bali ni nafasi ya ngoma kupanda bila kukatwa.

Kwa hiyo, mkisikia mkwaruzo, punguzeni sauti mara moja. Mtaka yote hukosa yote. Baba amekwisha nunua spika nyingine, na kitufe ameniachia mimi.