Riwaya za upelelezi: Bastola ni nyingi, lakini namwogopa mwenye mhuri

WAPO wanaosema kuwa riwaya za upelelezi ni za kupotezea muda ndani ya basi. Mimi ni mmoja wa wanaozisoma ndani ya basi, kati ya Bujumbura na Kigoma kwa njia ya Mugina na Manyovu, na wala sikubaliani nao.

Biashara ya vitenge ina kusubiri kwingi. Unasubiri gari lijae, unasubiri mzigo ukaguliwe, unasubiri afisa arudi kutoka kula. Katika kusubiri huko nimesoma vitabu vingi vya mauaji na ujasusi, vya Kiswahili na vya Kiingereza, vipya na vilivyokwisha jalada.

Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ama wamerejea kutoka kambini, ama wanavuka mpaka kila juma. Watu wa aina yetu tuna macho yetu ya kusomea. Msomaji aliyekulia mahali penye utulivu anauliza: nani kashika bastola? Sisi tunauliza: karatasi ziko kwa nani?

Basi, ndugu msomaji, leo naomba nipime baadhi ya riwaya hizi kwa mizani hiyo.

Shujaa asiyeulizwa kitambulisho

Mwandishi Mwingereza Lee Child alianza mwaka 1997 kutoa visa vya Jack Reacher, askari mstaafu anayezunguka Marekani kwa basi akiwa na mswaki wa kukunja mfukoni. Hana nyumba wala mkoba. Nguo zikichafuka ananunua nyingine.

Ni vitabu vitamu, sikatai. Lakini kila nikivisoma najiuliza bwana huyu angefika wapi huku kwetu. Kwenye kizuizi cha kwanza tu, kabla hajamvunja mtu mkono, angeulizwa kitambulisho, ametoka kwa nani na anakwenda kwa nani.

Yuko pia Jason Bourne wa Robert Ludlum, aliyeanza kusomwa mwaka 1980. Anaokolewa baharini akiwa na majeraha ya risasi, hajui hata jina lake. Kitabu kizima ni kutafuta yeye ni nani.

Hilo limeandikwa kama jambo la ajabu. Miongoni mwetu yupo mwenye jina moja kwenye kadi ya kambi, jingine kwenye cheti cha ubatizo na la tatu kwenye kitambulisho cha nyumbani, na hakupigwa risasi wala kuanguka baharini. Karani alikosea herufi, basi. Tangu hapo kila ofisi inamuuliza yeye ni yupi kati ya hao watatu.

Mhalifu mwenye barua ya mahakama

Ndiyo maana nampa Stieg Larsson wa Sweden alama za juu kuliko hao wawili. Alifariki mwaka 2004 kabla riwaya zake hazijachapishwa. Ya kwanza ilitoka mwaka uliofuata, na zote tatu zikasomwa duniani kote.

Watu humsifu msichana wake, Lisbeth Salander, kwa ukali wake na kwa jinsi anavyoingia katika kompyuta za watu. Mimi kilichonitisha ni kitu kingine. Lisbeth ni mtu mzima, lakini sheria imemweka chini ya mlezi, na mlezi huyo ndiye mwenye mamlaka juu ya fedha zake. Akitaka hela aliyoichuma mwenyewe, lazima apite kwake, naye anaitumia nafasi hiyo kumfanyia unyama.

Mhalifu wa namna hii hana haja ya kuvunja mlango usiku. Anayo barua ya mahakama. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya posho wakati kadi iko mikononi mwa mtu mwingine anaelewa vitisho hivyo, hata kama hajawahi kuiona theluji.

Mkalimani wa Kivu

Kitabu kinachotugusa kwa karibu zaidi ni The Mission Song cha John le Carré, kilichotoka mwaka 2006. Le Carré, aliyefariki mwaka 2020, aliwahi kuwa jasusi wa Uingereza kabla ya kuwa mwandishi. Wakati wa kuandika kitabu hiki alifunga safari hadi Bukavu kujionea mambo.

Shujaa wake ni Bruno Salvador, aitwaye Salvo, mtoto wa mmisionari kutoka Ireland na mama Mkongomani. Hana bastola. Silaha yake ni lugha: Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na lugha nyingine kadhaa za mashariki ya Kongo. Anaajiriwa kutafsiri katika mkutano wa siri, kisiwani huko kaskazini, ambako wakubwa wa Kivu na kundi la wenye fedha wanapanga kutwaa madaraka kabla ya uchaguzi. Kiongozi wanayetaka kumsimika anaitwa Mwangaza, neno ambalo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa.

Kinachonivutia ni jinsi uhalifu unavyofanyika. Watu wanakaa mezani, wanakunywa maji na kujadili mkataba. Maneno ni mazuri: maendeleo, wananchi, amani. Mapumziko yakifika, Salvo anateremka chini ya nyumba kusikiliza vipaza sauti vilivyofichwa, na huko ndiko anakosikia mjumbe mmoja, kijana wa tajiri wa Bukavu, akiteswa mpaka akubali.

Mwishoni, na naomba radhi kwa ambaye hajakisoma, Salvo anavuliwa uraia wa Uingereza na kuwekwa kizuizini angoje kufukuzwa nchini. Amewatumikia maisha yake yote, lakini siku aliposema kweli wakafunua faili lake na kuona kuwa karatasi zake zina kasoro. Huo ndio ukurasa ulionifanya nifunge kitabu na kutazama nje kwa muda mrefu.

Hata hivyo nina lawama. Wajumbe wa Kivu wamo mezani, lakini wale wanaoilisha Kivu hawamo. Simwoni mama anayevuka Kavimvira na beseni kichwani, wala dereva anayejua lori lipi limebeba nini. Mwandishi alisikia mengi, ila mpaka wenyewe, ule wa kila siku, haumo.

Shujaa wa wakimbizi apimwe vipi?

Mukoma wa Ngugi, mwana wa marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, alitoa Nairobi Heat mwaka 2009. Msichana wa kizungu anakutwa amekufa mlangoni pa profesa Mnyarwanda anayeishi Wisconsin, Marekani. Profesa huyo anasifika kwa kuokoa watu wengi wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mpelelezi Ishmael, Mmarekani mweusi, anapigiwa simu na kuambiwa ukweli uko Nairobi, naye anapanda ndege.

Risasi ni nyingi mno kwa ladha yangu, na mwenzake wa Nairobi anaua watu kama anayeua nzi. Lakini swali lililomo ni zito: je, mtu aliyetukuzwa kwa kuokoa wengine anaweza kuchunguzwa? Na wale wanaochangisha fedha kwa jina la walionusurika, nani anawakagua?

Sisi tuliokaa ugenini tunajua kuwa katika kila dhiki hutokea wasemaji. Wapo wa kweli, na wapo waliopata nyumba nzuri kwa machozi ya wenzao. Kuuliza si kuwatukana waliokufa. Riwaya hii imethubutu kuuliza, na kwa hilo naipongeza.

Willy Gamba alivuka, sisi je?

Msomaji anaweza kusema kuwa naringa na vitabu vya Kiingereza. La hasha. Kiswahili kilianza kazi hii zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na katika Kikosi cha Kisasi, mwaka 1979, akamvusha hadi Kinshasa. Ben Mtobwa, mwenyeji wa Kigoma, akamleta Joram Kiango, ambaye vijana wa wakati ule walimjua kama jirani yao.

Willy Gamba alivuka mipaka bila shida kwa sababu nyuma yake kulikuwa na serikali. Adui alikuwa ng'ambo: mkoloni, kaburu na vibaraka wao. Kwa wakati ule ilitosha, maana vita vya ukombozi kusini mwa Afrika vilikuwa vikiendelea na kila msomaji alijua yuko upande gani.

Kwetu sisi adui si rahisi kumwonyesha kidole hivyo. Mtobwa alifariki mwaka 2008 na Musiba mwaka 2010. Waliofuata wapo na wanaandika, lakini bado sijakutana na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inayoanzia kwenye kilima chetu, na ambayo kitendawili chake ni kipande cha ardhi.

Kitendawili tulicho nacho nyumbani

Fikiri kidogo. Mtu ametoroka Rumonge au Nyanza-Lac mwaka 1972 akiwa kijana. Amezeeka Tanzania. Anarudi na wajukuu na kukuta michikichi ya baba yake inavunwa na mtu mwingine. Mtu huyo naye ana karatasi yenye mhuri, amelea watoto pale, na huenda alipewa shamba na ofisi bila kuambiwa lilikuwa la nani.

Nani mwizi hapo? Nani aliyegonga ule mhuri wa kwanza, na alijua nini? Burundi iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, mwaka 2006 kushughulikia migogoro ya namna hii. Tume hiyo, hadi muda wake ulipoisha mwaka 2022, ilikuwa na wajibu wa kuamua shamba ni la nani, na mahakama zina wajibu huo pia. Haziwezi kutusaidia kuelewa jinsi majirani wawili, kila mmoja akijiona ana haki, walivyofika mahali pa kuogopana.

Hapo ndipo naiona kazi ya riwaya ya upelelezi. Sheria ya aina hii ya hadithi ni kwamba kila mshukiwa lazima asikilizwe, hata yule tunayemchukia. Mwandishi akimficha mmoja, msomaji anajua amedanganywa na anakitupa kitabu. Sijui baraza lolote la kilimani lenye nidhamu kama hiyo.

Aidha, riwaya humruhusu mtu kusema jambo zito bila kutaja jina la jirani yake. Kwa watu wanaochota maji kisima kimoja, hilo si dogo. Ushahidi wa mezani unaweza kuzua ugomvi mpya. Hadithi iliyotungwa vizuri inaweza kusomwa na pande zote mbili, kila mmoja akajitambua kimyakimya.

Wakati hautungoji. Wazee wanaokumbuka mti gani ulikuwa mpaka wa shamba wanazidi kupungua. Wakiisha, kitakachobaki ni mhuri, na mhuri humsemea yule anayeushika.

Kwa hiyo natoa ombi kwa vijana waliosoma Kiswahili kambini na wakarudi nacho. Msiniandikie jasusi mwingine mwenye gari jekundu. Niandikieni karani wa tarafa anayekuta daftari la zamani limechanwa ukurasa mmoja, na anaanza kuuliza nani aliuchana. Kitabu hicho nitakinunua kwa bei kamili, nami nitakuwa wa kwanza kukitembeza mpaka Kigoma pamoja na vitenge vyangu.