Mteja wa Studio ya Nyumbani Akiulizia Miksa, Usikimbilie Kutaja Bei

Kama unauza vifaa vya sauti mtandaoni, meseji hii unaijua: "Habari boss, miksa ya studio bei gani?" Wengi hujibu kwa picha na bei, "ipo ya chaneli 12, karibu sana." Mteja analipa, mzigo unapanda basi la Mwanza, halafu siku ya nne anapiga simu: vyombo vyake havienei. Nauli ya kurudisha huo mzigo ni ya nani?

Shida inaanzia kwenye namba ya boksi. Chaneli 12 siyo maiki 12. Chukua Behringer Xenyx 1202: kweli ni 12, ila sehemu za maiki ni 4 tu. Zile 8 zilizobaki ni jozi 4 za stereo. Kinanda kinachotoa sauti kushoto na kulia kinakula mbili, mashine ya midundo mbili tena. Yamaha MG10XU nayo imeandikwa 10, ni maiki 4 na jozi 3. Kwa mtu wa vinanda hiyo ni nzuri sana. Kwa anayetaka kurekodi kikundi cha maiki 6, umemuuzia tatizo.

Kwa hiyo muulize kwanza: "Una vyombo gani hapo chumbani, na vingapi vinapigwa kwa pamoja?" Akishindwa kueleza, mwambie akutumie picha ya nyuma ya vyombo vyake, matundu uyahesabu mwenyewe.

Swali la pili ndo linalorudisha mizigo mingi: USB. Mteja akiona miksa ina USB anadhani kila chaneli itaingia kwenye kompyuta kivyake. Miksa nyingi ndogo hazifanyi hivyo. MG10XU inapeleka njia 2 tu, kushoto na kulia, kila kitu kikiwa kimeshachanganywa. Mwimbaji akizidi kinanda, huwezi kuja kumshusha peke yake baadaye. Anayetaka hivyo anahitaji miksa ya kurekodi njia nyingi. Soundcraft wana Signature 12 na Signature 12 MTK, majina karibu sawa, lakini ya kwanza USB yake ni njia 2 na ile ya MTK inapeleka 14 kwenye kompyuta. Ukizisahau hizo herufi tatu kwenye tangazo, ugomvi wa inboksi utakuwa wako.

Na kuna mteja ambaye hahitaji miksa kabisa. Anatengeneza biti kwenye kompyuta, anarekodi mwimbaji mmoja mmoja, basi. Saundi kadi ya matundu 2 kama Focusrite Scarlett 2i2 inamtosha. Faida itapungua leo, sawa, ila muuzie hiyo hiyo (watu wa studio wanaulizana wamenunua wapi).

Maiki ya kondensa haitoi sauti bila umeme wa 48V kutoka kwenye miksa, angalia kitufe cha +48V au Phantom. Gitaa la umeme linataka tundu la Hi-Z, au boksi la DI katikati, la sivyo sauti inakuja nyembamba.

Sasa ile ya hatari: miksa yenye amplifaya ndani. Inawafaa sana watu wa makanisa na ma-MC. Lakini mtu wa chumbani mwenye spika za studio zinazochomekwa umeme zenyewe, akichukua waya kwenye matundu ya spika ya miksa hiyo, anaweza kuziunguza siku ya kwanza tu. Muulize: "Spika zako zinachomekwa kwenye umeme?" Akisema ndiyo, mpe miksa isiyo na amplifaya.

Kwenye tangazo, badala ya "Chaneli 10 USB, kali sana", andika hivi: "Maiki 4, jozi 3 za stereo, USB njia 2, ina 48V, haina amplifaya." Mstari mmoja tu, na maswali mengi yameshajibiwa. Kabla hujafunga boksi, ulizia waya pia. Kinanda cha stereo kinataka waya 2 za jeki kubwa, spika 2 zinataka nyingine 2, na ndani ya boksi la miksa mara nyingi hakuna hata mmoja.