Panga Kabla ya Jembe: Kuurudishia Uhai Msitu wa Magombera

Mtu asikiapo kwamba msitu unafufuliwa, huwaza mara moja miche na majembe. Katika bonde la Kilombero, kaskazini ya mji wa Ifakara, kazi hiyo imehitaji kwanza panga.

Msitu wa Magombera uko bondeni, chini ya milima ya Udzungwa. Eneo lake ni kilometa za mraba 26 hivi tu. Hata hivyo humo huishi mbega wekundu wa Udzungwa, na mwaka 2009 wanasayansi walieleza aina mpya ya kinyonga kutoka msitu huo, Kinyongia magomberae. Miaka iliyopita miti mingi mikubwa ilikatwa kwa ajili ya mbao, na kila mti ulioanguka uliacha pengo lililoingiza jua.

Kwa kawaida pengo la namna hiyo huzibwa na miti michanga. Lakini msitu ukiharibiwa mno, mimea tambazi yenye shina gumu huitangulia. Sababu yake ni nini? Mti hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kujenga shina la kujisimamia. Mmea tambazi huazima shina la jirani, na chakula unachookoa huupa urefu na majani. Ukifika juu huinyima miche mwanga, huku mizizi yake ikigombea maji na madini ardhini.

Watafiti, wakishirikiana na wenyeji, walilipima jambo hili. Katika baadhi ya viwanja mimea tambazi ilikatwa. Vingine viliachwa kama vilivyo ili vilinganishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa miti iliyoondolewa mzigo huo ilistawi zaidi.

Hata hivyo, mimea tambazi si adui. Nayo ni ya asili. Huwapa wanyama chakula na njia za kupitia juu ya miti. Basi hukatwa pale tu inapousonga msitu usiweze kujiinua, na wakataji hawana budi kurudi, kwa maana visiki huchipua tena.

Mahali ambapo miti mama imetoweka, jembe nalo hupata kazi. Hapo yafaa kuijua tabia ya kila mti. Mvule, mathalani, una miti dume na miti jike. Ukibaki mmoja peke yake hautazaa. Mbegu zake husambazwa na popo walao matunda. Tena mivule ikipandwa peke yake kwa wingi hushambuliwa na mdudu aitwaye Phytolyma, ambaye hufanya vinundu katika machipukizi. Kwa hiyo ni bora kuichanganya na miti mingine.

Tangu mwaka 2019 Magombera ni hifadhi ya mazingira asilia, na hakuna aingiaye kukata chochote bila idhini. Lakini wanafunzi wanaweza kuanzia shuleni kwao. Chagueni kichaka kilichosongwa, pimeni viwanja viwili vilivyo sawa, kateni mimea tambazi katika kimoja tu, kisha hesabuni miche na kupima urefu wake kila muhula. Je, ni miti gani itakayoota bila kupandwa na mtu? Jibu litawaambia kama mahali penu panahitaji jembe, au panga na subira tu.