Oman: Nani atarithi shamba na maji yake?

Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa Muscat mwaka 1986, hufundisha vijana kilimo cha kisasa. Hata hivyo, kazi nyingi za mashambani nchini Oman hufanywa na wafanyakazi wa kigeni, hasa kutoka Asia Kusini.

Vijana wasiposhika jembe, huenda ujuzi wa aflaj ukatoweka pamoja na wazee. Hiyo ni mifereji ya kale inayogawa maji kwa zamu, zilizopimwa zamani kwa kivuli cha jua na kwa nyota. Mitano iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Katika pwani ya Batinah, pampu zimevuta maji kupita kiasi, na chumvi ya bahari imeingia visimani. Mkulima mpya hana budi kujifunza kwanza kipimo cha maji, darasani na kwa wazee.