Konokono Mpya Hupatikana Kabatini

Kaskazini mwa Jamhuri ya Dominika, Mto Gurabo umekata kingo zake na kuacha wazi matabaka yaliyokuwa sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Matabaka hayo yamejaa magamba ya konokono, na wasomi wameyaokota na kuandika juu yake tangu karne ya 19. Mtu angedhani hakuna jipya lililobaki. Lakini mwaka 2015 mtafiti wa Marekani, Jonathan Hendricks, alichapisha katika jarida la PLoS ONE utafiti wa spishi 28 za konokono wa kundi la Conus waliokuwa wakiishi kwenye miamba ya matumbawe ya nchi hiyo kati ya miaka milioni 6.6 na 4.8 iliyopita. Kati ya hizo, 13 hazikuwahi kupewa jina.

Wengi hufikiri spishi mpya hugunduliwa siku gamba linapochomoka ardhini. Mara nyingi sivyo. Gamba huweza kukaa kwenye droo ya makumbusho miaka na mikaka, likiwa na kibandiko cha jina lisilo lake, hadi atokee mtu wa kulilinganisha vizuri na wenzake. Kazi yenyewe ni ya kuondoa: unaondoa kila maelezo mengine yanayowezekana, na kinachobaki ndicho unachokiita kipya.

La kwanza kuondolewa ni hila za mwamba. Magamba mengi ya konokono hujengwa kwa aragonaiti, aina ya madini ya chokaa ambayo huyeyuka upesi maji yanapopenya ardhini. Gamba likiisha kuyeyuka, huachwa uwazi, au tope lililoganda ndani yake. Uwazi wa nje una faida, kwa kuwa ukimiminiwa mpira wa silikoni hutoa nakala yenye kila mfuo na kila kinundu. Tope la ndani halionyeshi nakshi za nje, na mtaalamu makini hathubutu kulitungia jina. Kuna pia magamba yaliyobanwa na uzito wa matabaka yakawa bapa, au yaliyosuguliwa na mawimbi kabla ya kufukiwa. Yanaonekana tofauti, lakini tofauti hiyo si ya konokono.

La pili ni umri. Konokono huongeza gamba lake mdomoni kadiri anavyokua, kwa hiyo mchanga na mkubwa wa spishi moja huweza kupishana sana sura. Bahati nzuri, gamba halipotezi historia yake. Ukiliweka chini ya hadubini na kutazama kwenye ncha kabisa, utaona gamba la utotoni, dogo kuliko punje ya mchele, ambalo konokono alilijenga akiwa bado kiluwiluwi. Mizunguko mingi myembamba huonyesha kuwa kiluwiluwi kiliogelea na kujilisha baharini kabla ya kutua. Mizunguko michache minene huonyesha kuwa hakikwenda mbali. Spishi mbili zinazofanana mwili mzima zimewahi kutenganishwa na ncha hiyo peke yake.

Kwa kundi la Conus kuna ugumu zaidi. Magamba yao yote yana umbo la pia ya watoto, na zile spishi zilizo hai wataalamu huzitambua kwa sehemu kubwa kutokana na rangi: madoa, mistari, mawimbi. Katika visukuku rangi hufifia, na droo nzima hubaki nyeupe. Hendricks aliyaloweka magamba katika dawa ya klorini, ya namna inayotumika kung'arisha nguo nyeupe, kisha akayamulika kwa miale ya urujuanimno. Sehemu zilizokuwa na rangi enzi za uhai ziling'aa. Picha ikigeuzwa, palipong'aa pakawa giza na penye giza pakawa peupe, gamba huonekana karibu na lilivyokuwa likitambaa baharini. Mojawapo, aliloliita Conus carlottae, lilikutwa na madoa makubwa ya mviringo. Miale haisemi rangi yenyewe ilikuwa nyekundu au kahawia. Husema tu mahali ilipokuwa, na hilo lilitosha kutenganisha magamba ambayo kwa mwanga wa kawaida yangeweza kuitwa ndugu.

Kisha huja kazi isiyo na picha nzuri, nayo ni kusoma. Majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, Systema Naturae, na jina lililotangulia ndilo lenye haki. Mtafiti hana budi kupitia maandishi ya zamani, yawe ya Kilatini, Kijerumani au Kifaransa, na kutazama vielelezo vya awali. Akiruka kimoja, huenda akampa jina konokono aliyekwisha kupewa.

Akiridhika, sheria za kimataifa zinamtaka aandike sifa zinazomtofautisha konokono wake, na tangu mwaka 2000 ateue waziwazi kielelezo cha msingi na kutaja mkusanyiko kitakakohifadhiwa. Makala ikitolewa kwa njia ya kielektroniki pekee, lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama. Kielelezo hicho ndicho mizani ya jina. Miaka 100 baadaye, mtu mwenye shaka atafungua kabati, akipime, na huenda akaonyesha kwamba spishi mbili zilikuwa moja. Jina la zamani litabaki, la baadaye halitatumika tena. Hiyo si aibu kwa aliyeandika: alitoa hoja na kuacha ushahidi wa kuihukumu.

Pwani yetu imo katika hesabu hii. Mwaka 1927 mtaalamu L. R. Cox aliandika juu ya magamba ya visukuku ya Unguja na Pemba, na mwaka 2009 Martin Harzhauser wa Vienna alichapisha utafiti wa konokono wa pwani ya Tanzania walioishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Ukilinganisha na maandiko yaliyopo juu ya Ulaya au Karibi, ni kurasa chache, na mawe yenye magamba bado yapo. Anayeyakuta asikimbilie patasi. Apige picha gamba likiwa bado mwambani, aandike mahali na tabaka, ndipo amwite mtu wa makumbusho. Gamba zuri lisilojulikana limetoka tabaka gani haliwezi kusema liliishi lini wala na nani, na mtaalamu atakayelipokea atakuwa na pambo la mezani.