Lubumbashi: Kinga ya umeme yaweza kutengenezwa nyumbani, lakini betri haitaki haraka

Asubuhi na mapema, kwenye barabara zinazoingia mji wa Lubumbashi, wanaume husukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala. Kwa watu hao, moteri ndogo ya umeme inaweza kupunguza uzito wa siku, na kinga ileile ya zamani inaweza kugeuzwa bila kununua mpya. Kazi hiyo ina sehemu mbili. Moja inahitaji mazoea tu. Nyingine inaweza kuunguza nyumba.

Ya kwanza ni gurudumu. Moteri inayotumiwa sana hukaa katikati ya gurudumu lenyewe, mahali pa kitovu cha zamani. Fundi huiweka, kisha husuka spoki upya kwenye janti. Kwa kuwa moteri ni nene kuliko kitovu cha kawaida, spoki za zamani huwa ndefu mno, na lazima zitafutwe fupi. Halafu hukazwa polepole, moja baada ya nyingine, mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba.

Moteri inapovuta, ekseli yake nayo hutaka kuzunguka. Ndiyo sababu huongezwa kipande cha chuma kinachoishikilia kwenye fremu. Bila hicho, ekseli inaweza kuchomoka na kukata nyaya. Breki pia zikaguliwe kabla ya safari ya kwanza.

Sehemu ya pili ni betri. Betri ya volti 36 hujengwa kwa makundi 10 ya seli za lithiamu yanayofuatana. Seli ya kawaida ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila kundi likiwa na seli 4, jumla ni seli 40. Betri ya namna hiyo inaweza kumpeleka mtu asiye na mzigo kilomita 25 hivi kwenye njia tambarare. Magunia na milima hupunguza safari.

Seli huunganishwa kwa utepe mwembamba wa nikeli, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanatumia chuma cha moto cha kuyeyusha risasi, kile cha kutengeneza redio. Joto lake hukaa muda mrefu juu ya seli na kuiharibu kwa ndani. Mashine ya kulehemu kwa nukta hupitisha umeme mkali kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, utepe ukashika kabla seli haijapata moto.

Seli zilizotolewa katika kompyuta za zamani zipimwe moja moja. Iliyovimba, yenye kutu au iliyoshuka chini ya volti 2 isitumike. Kadi ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS, ni ya lazima: hukata umeme kabla seli yoyote haijapita kiasi. Chaja nayo iwe ya lithiamu ya volti 42, si ile ya betri ya gari.

Katika mtaa ambapo umeme hukatika mchana na kurudi usiku, watu huchomeka kila kitu na kulala. Kwa betri ya kujitengenezea, hiyo ni hatari kubwa. Ichajiwe mtu akiwa macho, mbali na chumba cha kulala na mbali na mlango wa kutokea. Moto wa lithiamu huweza kuwaka tena baada ya kuzimwa, na moshi wake ni sumu.

Seli nyingi za namna hii zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Madini yanatoka huku, yanarudi yakiwa seli za kununuliwa kwa pesa nyingi. Kwa asiye na mashine ya kulehemu, ni heri kununua betri iliyofungwa tayari kiwandani, na gurudumu kumwachia fundi wa mtaa.